Dawa ya saratani inayoamshwa na mwanga: Yafahamike haya kabla ya kuuza shamba

UJUMBE huanza kwenye simu moja, na ndani ya saa chache unakuwa umefika kwa ukoo mzima. Kaka aliye Mwanza anautuma kwenye kundi la familia, dada aliye Dar es Salaam anaongeza alama za dua, na jioni mama mdogo kijijini anasomewa na mjukuu wake: kuna tiba mpya ya saratani, mgonjwa anachomwa sindano, anamulikwa taa, uvimbe unakufa. Hakuna kupasuliwa, hakuna kunyonyoka nywele.

Kwa familia isiyo na mgonjwa, huo ni ujumbe wa kupita. Kwa familia yenye baba ambaye kwa miezi miwili sasa hawezi kumeza ugali, ujumbe huo ni swali la fedha. "Kaka, tukiuza zile ekari mbili za mtoni, mzee anafika India?"

Sehemu kubwa ya ujumbe huo ni kweli. Dawa zinazoamshwa na mwanga zipo, zimeidhinishwa katika nchi kadhaa na zimewasaidia wagonjwa wengi. Kinachokosekana kwenye ujumbe ni jambo moja tu, nalo ndilo linaloamua kama shamba liuzwe au libaki: tiba hii hufanya kazi pale mwanga unapoweza kufika.

Dawa, mwanga na oksijeni

Kitaalamu matibabu haya huitwa tiba ya fotodainamiki. Yanahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: dawa, mwanga, na oksijeni iliyomo kwenye tishu za mwili.

Dawa hutangulia. Inaweza kuwa ya kuchomwa kwenye mshipa, ya kunywa, au ya kupaka ikiwa tatizo liko kwenye ngozi. Peke yake haina makali. Ni kama njiti ya kiberiti ambayo haijapigwa. Husambaa mwilini, lakini seli za saratani huishikilia kwa muda mrefu kuliko seli nyingi zenye afya.

Ndiyo maana daktari hamuliki papo hapo. Kwa dawa nyingi za sindano husubiri kati ya saa 24 na 72, ili sehemu kubwa ya dawa iwe imetoka kwenye tishu nzima na ibaki zaidi kwenye uvimbe.

Baada ya hapo huja mwanga, wa leza au wa taa maalumu, wenye rangi inayolingana na dawa iliyotumika. Kwa ngozi, taa huwekwa juu ya eneo lenye tatizo. Kwa viungo vya ndani, waya mwembamba unaopitisha mwanga huingizwa kupitia mpira wenye kamera, kama ule unaotumika kuchunguza tumbo au njia ya hewa.

Dawa ikimulikwa hupokea nguvu ya mwanga na kuihamishia kwenye oksijeni iliyo jirani. Oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali na kuharibu seli iliyomo. Wakati huohuo mishipa midogo ya damu inayolisha uvimbe huweza kuziba, na kinga ya mwili huweza kuamka na kushambulia seli zilizobaki.

Wengi huchanganya tiba hii na mionzi inayotolewa katika hospitali za saratani. Ni vitu viwili tofauti. Mionzi hupenya mwili mzima kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakati mwanga wa tiba hii ni ule unaoonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo haunyonyoi nywele, na matibabu yanaweza kurudiwa mahali palepale ikihitajika. Lakini kwa sababu hiyohiyo, hauendi mbali.

Jaribio la tochi ya simu

Familia inaweza kuliona hilo nyumbani usiku. Washa tochi ya simu gizani, kisha ifunike kwa ncha ya kidole. Kidole kitang'aa chekundu. Rangi nyingine zimenyonywa na damu na nyama, nyekundu ndiyo imepita.

Sasa ifunike tochi hiyo kwa paja. Hakuna kitakachoonekana upande wa pili.

Hapo ndipo ulipo uwezo wa tiba hii na mpaka wake. Madaktari hutumia zaidi mwanga mwekundu kwa sababu ndio unaopenya vizuri, lakini hata huo, kwa dawa nyingi zinazotumika, hufanya kazi kwa kina cha takribani sentimita 1 tu. Uvimbe mdogo ulio juu ya ngozi au kwenye ukuta wa ndani wa njia ya chakula unafikika. Uvimbe mnene, au saratani iliyokwisha kusambaa kwenye ini, mifupa na mapafu, hauwezi kumulikwa wote.

Si jambo la jana

Ujumbe wa simu huiita "tiba mpya", lakini wazo lake lina zaidi ya miaka 120. Mwaka 1900 Oscar Raab, mwanafunzi wa udaktari mjini Munich, Ujerumani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyofanya chini ya Profesa Hermann von Tappeiner. Alikuwa akipima jinsi rangi iitwayo akridini inavyoua vijidudu vya seli moja, na majibu yalikuwa yakitofautiana bila sababu ya wazi. Akagundua kuwa tofauti ilitokana na mwanga uliokuwepo wakati wa jaribio. Miaka mitatu baadaye von Tappeiner na mwenzake walijaribu rangi nyingine pamoja na mwanga kwa wagonjwa wenye uvimbe wa ngozi.

Mwaka 1913 daktari Mjerumani, Friedrich Meyer-Betz, alieleza kilichompata baada ya kujichoma miligramu 200 za dawa ya aina hii ili aone itamfanya nini. Alipotoka juani, uso na mikono vilivimba vibaya, na ngozi yake iliendelea kudhurika na jua kwa zaidi ya miezi miwili. Somo alilolipata kwa mwili wake linawahusu wagonjwa wa leo.

Aliyeifanya iwe tiba inayotumika hospitalini ni Thomas Dougherty wa kituo cha saratani cha Roswell Park, Buffalo, Marekani. Mwaka 1978 yeye na wenzake waliripoti matokeo ya wagonjwa 25 waliokuwa na uvimbe 113 juu ya ngozi au chini yake kidogo. Uvimbe 111 ulipungua au kutoweka.

Canada iliidhinisha dawa iliyotokana na kazi hiyo mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu cha mkojo. Marekani ilifuata mwaka 1995 kwa saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kisha mwaka 1998 kwa aina fulani ya saratani ya mapafu ikiwa bado ni changa na iko kwenye njia ya hewa.

Tangu hapo orodha imeongezeka. Zipo dawa za kupaka kwa madoa ya ngozi yanayotokana na jua ambayo yanaweza kugeuka saratani. Ulaya iliidhinisha dawa kwa saratani za kichwa na shingo mwaka 2001, na Japani mwaka 2020 iliidhinisha dawa ambayo imeunganishwa na kingamwili inayoipeleka kwenye seli za saratani za eneo hilohilo.

Kwa tezi dume, Ulaya iliidhinisha dawa mwaka 2017 baada ya utafiti wa wanaume 413. Kwa waliotibiwa kwa mwanga, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 28 ndani ya miaka miwili, ikilinganishwa na asilimia 58 ya waliofuatiliwa tu. Lakini hao wote walikuwa na saratani changa yenye hatari ndogo, ya aina ambayo wengi hufuatiliwa bila kutibiwa haraka. Mwaka 2020 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walipiga kura kuikataa, wakihoji kama faida inazidi madhara.

Ukiisoma orodha hiyo polepole, maneno yanayojirudia ni "changa", "juu ya ngozi", "kwenye ukuta". Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umeshatoka hapo, tiba hii inaweza kumpunguzia taabu, lakini haiwezi kuumaliza ugonjwa.

Mzee asiyeweza kumeza

Turudi kwa baba asiyeweza kumeza ugali. Saratani ya umio si ngeni Afrika Mashariki. Kuna ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania hadi Malawi, ambako ugonjwa huu huonekana kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, kwa sababu dalili ya kwanza huonekana ndogo: chakula kikavu kinakwama, mtu anashushia na maji, kisha anahamia kwenye wali laini, kisha uji. Kila hatua familia inaizoea.

Idhini ya Marekani ya mwaka 1995 iliwahusu wagonjwa wa namna hii, ambao njia ya chakula imezibwa na uvimbe. Lakini lengo la matibabu kwao halikuwa kuponya. Lilikuwa kufungua njia ili mgonjwa aweze kumeza tena kwa muda.

Hilo si jambo dogo. Mzee anayeweza kukaa mezani na wanawe na kula anaishi tofauti na anayetazama wenzake wakila. Lakini kuna njia nyingine ya kufikia lengo hilohilo, na ipo katika ukanda huu: kibomba cha waya kinachotanuka, ambacho daktari hukiweka ndani ya umio kwa kutumia mpira wenye kamera. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imejulikana kwa miaka mingi kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo swali la familia linabadilika. Si tena "tukiuza shamba, mzee atapona India?" Ni "daktari, saratani ya mzee imefika wapi, na kama ni kufungua njia ya kumeza, nani aliye karibu anaweza kuifungua?" Jibu la swali hilo laweza kuokoa shamba, na pia laweza kumwokoa mzee na safari ndefu ambayo mwili wake hauiwezi.

Gharama ambayo haiandikwi: jua

Kuna gharama nyingine ambayo ujumbe wa simu hauitaji. Dawa ya sindano haiondoki mwilini siku mgonjwa anapomulikwa. Hubaki kiasi kwenye ngozi na macho. Kwa dawa ile ya kwanza, mgonjwa hutakiwa kujikinga na mwanga mkali kwa siku zisizopungua 30.

Losheni za kawaida za kukinga jua hazisaidii hapa, kwa sababu zimetengenezwa kuzuia miale ya jua isiyoonekana, wakati dawa hii huamshwa na mwanga unaoonekana. Kinachosaidia ni nguo ndefu nzito, glavu, kofia pana na miwani nyeusi. Hata taa kali ya mkono na taa ya daktari wa meno zinaweza kuunguza.

Mgonjwa hafungiwi kwenye giza totoro. Mwanga hafifu wa ndani ya nyumba unafaa, kwa kuwa huisaidia dawa iliyobaki kuisha pole pole. Lakini mgonjwa anayetua Dar es Salaam au Mombasa saa 7 mchana wiki moja baada ya matibabu, akapanda bodaboda hadi kituo cha basi, yuko hatarini. Familia inayopanga safari ihesabu pia wiki za kukaa ndani, na nani atakayebaki naye.

Dawa za kupaka ni nafuu zaidi katika hili, kwani eneo lililopakwa ndilo hulindwa, na kwa siku chache tu. Maumivu na hali ya kuungua wakati wa kumulikwa ni ya kawaida. Kwa matibabu ya umio, maumivu ya kifua, uvimbe na baadaye kovu linalobana njia vinaweza kutokea.

Ngozi na kinywa

Jua lina sura nyingine kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kutosha kuilinda, na saratani ya ngozi huwapata wakiwa vijana. Kwao kinga ndiyo tiba ya kwanza: nguo za mikono mirefu, kofia pana, kivuli na losheni ya jua. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwahudumia, na losheni ya Kilisun ilibuniwa hapo kwa ajili yao.

Doa gumu au kidonda kidogo kisichopona kikionekana mapema, mara nyingi huondolewa kwa kugandishwa kwa baridi kali au kwa upasuaji mdogo. Hakuna haja ya kusubiri taa ya ng'ambo. Mzazi anayemkagua mtoto wake uso, masikio, shingo na mikono kila mwezi anafanya kazi ambayo leza haiwezi kuifanya.

Kwa saratani ya kinywa, habari ya kutia moyo inatoka India. Watafiti wa Marekani na wenzao wa mji wa Aligarh wamejaribu kifaa kidogo cha taa kinachotumia betri, kinachofanya kazi pamoja na kamera ya simu, kutibu saratani changa za kinywa kwa dawa ya kunywa. Wazo lao ni kuifikisha tiba mahali ambapo umeme na mashine za leza ni shida. Majaribio bado ni ya watu wachache, lakini njia hiyo inafaa kufuatiliwa na nchi ambazo tumbaku ya kutafuna na tambuu bado vipo.

Hata hapo, masharti ni yaleyale: kidonda kiwe kidogo na kionekane mapema. Kidonda cha mdomoni kinachozidi wiki mbili au tatu kioneshwe kwa daktari.

Wanaouza taa na maji ya kijani

Kila tiba ya kweli ina kivuli chake sokoni. Kwa kuwa baadhi ya dawa hizi zina undugu wa kikemia na klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, wapo wanaouza maji ya kijani pamoja na ushauri wa kuota jua. Wengine huuza taa nyekundu za mezani wakidai zinayeyusha uvimbe.

Taa bila dawa iliyopimwa haiui saratani, na jua la mchana haliwezi kupimwa na muuzaji wala kuelekezwa kwenye uvimbe ulio tumboni. Hasara kubwa hapa ni miezi inayopotea, ambayo kwa saratani changa ndiyo tofauti ya kutibika na kutotibika.

Maswali ya kwenda nayo hospitalini

Ikiwa familia inafikiria tiba ya mwanga, iende na maswali haya kwa daktari wa saratani, iwe Ocean Road, Bugando, KCMC, Kenyatta au Taasisi ya Saratani ya Uganda:

1. Saratani hii ni ya aina gani, na kipimo cha kinyama kimethibitisha?

2. Imefika hatua gani? Imesambaa?

3. Uvimbe uko mahali ambapo mwanga unaweza kufika wote?

4. Lengo ni kuponya, au kupunguza taabu? Daktari aseme wazi.

5. Je, upasuaji, mionzi, dawa za saratani au kibomba, vilivyopo hapa nchini au nchi jirani, vinaweza kutoa matokeo sawa?

6. Dawa inayotajwa imeidhinishwa kwa saratani hii, au ni majaribio? Kama ni majaribio, kwa nini mgonjwa analipishwa?

7. Baada ya matibabu, nani atamfuatilia mgonjwa akirudi nyumbani?

Swali la nane halielekezwi kwa daktari, na mara nyingi ndilo husahaulika. Ni kwa mzee mwenyewe. Watoto hukaa kikao barazani, wakapanga bei ya shamba na tarehe ya safari, na mgonjwa akiwa chumba cha pili akisikia sauti tu. Aulizwe kwa heshima: "Baba, madaktari wamesema hivi na hivi. Wewe unataka nini?"

Wapo watakaosema, nipelekeni nijaribu. Wapo watakaosema, shamba liachieni wajukuu, mimi nifungulieni njia nimeze. Majibu yote mawili yanastahili kusikilizwa, ila yatolewe baada ya kuelezwa ukweli wote.

Na kwa wasio wagonjwa bado, kuna kazi ya leo. Chai iachwe ipoe kidogo, kwani Shirika la Utafiti wa Saratani Duniani lilitangaza mwaka 2016 kuwa vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi joto 65, huenda vinachangia saratani ya umio. Sigara na pombe viepukwe. Na yeyote anayeanza kushushia tonge kwa maji asizoee hali hiyo. Aende akapimwe wakati bado anaweza kumeza, kwa sababu wakati huo ndipo tiba, ya mwanga au nyingine, huwa na nafasi kubwa ya kuponya.